Wa Tatu Kwenye Benchi la Chai

Boila la kiwanda cha alizeti pale Chapwa lilipoanza kutaja watu, tena mchana kweupe, Tabita alidhani masikio yake yamechoka. Miaka sita alikuwa akilichochea kuni boila hilo kuukuu, lililovushwa mpaka kutoka Zambia na watu ambao hawakukubali hata kunywa maji kabla ya kuondoka. Aliijua vizuri valvu ya usalama iliyo juu yake. Mvuke ukizidi, inajifungua yenyewe na kuutoa kwa kishindo, chuma kisipasuke. Jumatatu ile hakikusikika kishindo. Ilikuja harufu ya nywele zinazoungua, valvu ikapumua taratibu, ikasema, "Aliko."

Aliko alikuwa mtoto wa Loisi, mfanyakazi anayekaa mwanzo wa benchi la chai. Alizikwa Jumatano. Wiki iliyofuata valvu ikamtaja Gwantwa, binti wa Dina, anayekaa wa pili, naye hakufika Jumapili. Bosi akamleta mchungaji, naye akalikemea jini mpaka sauti ikamkauka, kisha bosi akaitikia amina kubwa na kuagiza kazi iendelee. Bosi hakuwa na mtoto, kwa hiyo imani yake ilikuwa nyingi.

Wa tatu kwenye benchi alikuwa Tabita mwenyewe. Alikuwa na Ruti tu, binti wa miaka kumi na tisa, anayepembua alizeti na wenzake kumi na mmoja nyuma ya ukuta wa boila. Wa nne alikuwa Fides, shoga yake, mwenye mimba ya miezi saba baada ya mbili kuharibika. Safari hii Fides hakumwambia mtu jina alilomchagulia mtoto, hata mumewe. Alimwambia Tabita peke yake, siku moja wakichota maji.

Alhamisi, saa nne asubuhi, harufu ilirudi. Tabita hakungoja. Alipanda ngazi, akaifunga valvu kwa waya, akaukaza kwa koleo mpaka vidole vikatoka damu. Boila likanyamaza kimya. Alishuka akicheka, jamani, alicheka kweli.

Ndipo mshale wa geji ya mvuke ulipoanza kupanda. Yeye na Fides walizitoa kuni zote tanuruni, wakayamwagia makaa maji, na Fides akakimbilia bombani kuchota ndoo nyingine, lakini mshale uliendelea kupanda juu ya tanuru lililozimika, ukaingia kwenye wekundu, ukaupita, huku mabati ya boila yakilia na misumari ikitetemeka, na Tabita akakumbuka kwamba mlango wa wapembuaji hufungwa kwa kufuli kwa nje ili mbegu zisiibwe, na kwamba ufunguo uko mfukoni mwa bosi, na bosi yuko mbali, mjini Vwawa.

"Mama Ruti," sauti ikasema ndani ya chuma, kwa upole. "Nikipasua chuma hiki, naondoka na wote walio nyuma ya ukuta. Ukinifungulia, naondoka na mmoja."

"Si Ruti," alinong'ona.

"Basi nitajie wewe. Mtoto wa benchi lile lile."

Katikati ya hofu akajiona mjanja. Lilikuwepo jina ambalo bado halikuwa la mtu. Halikuwa na sura, halikubatizwa, hakuna aliyewahi kuliitikia. Angelidanganya jini kwa jina tupu.

"Tulinagwe," alisema, akapanda, akakata waya.

Valvu ikafunguka. Mshale ukashuka kwa utulivu. Na boila likalitaja jina hilo likasikika uwanja mzima mpaka bombani, kwa sauti ya Tabita.

Fides alitokea mlangoni na ndoo iliyojaa.

"Mama Ruti," alisema, "hilo jina nilikupa wewe tu."

Tabita alitaka kumweleza kwamba ni jina tu, kwamba mtu mwenyewe hayupo bado. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua, na chini ya aibu hiyo, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha, maana nyuma ya ukuta Ruti alikuwa akiimba.

Fides aliweka ndoo chini. Akashika tumbo kwa viganja viwili, akainamisha kichwa, akasubiri mtoto acheze. Tabita naye akasubiri, macho yake kwenye viganja vile. Kengele ya chakula iligongwa wakiwa bado wamesimama, wakisubiri.