Zulia la Klavdia Ng'ambo ya Mto

"Shoga, mumeo yuko ng'ambo ya mto na Klavdia. Wanakung'uta zulia."

Zinaida aliusoma ujumbe wa jirani yake Aglaya huku supu ya kabichi ikimfurikia jikoni. Akampigia mumewe, Rodion.

"Rodya, uko wapi?"

"Mgodini, mpenzi. Zamu imerefuka."

"Mbona nasikia upepo? Siku hizi shimoni kunavuma?"

Simu ikakatika.

Jamani, zulia si jambo dogo kwao. Hulazwa kifudifudi kwenye theluji likachapwa ili vumbi libaki chini, na theluji ya mji ule wa makaa ya mawe huwa nyeusi ikingali changa. Nyeupe iko ng'ambo ya mto, mwendo wa kuchosha, na mwanamume hambebei mwanamke zulia mpaka huko kama mwanamke huyo si wake. Zinaida hajawahi kubebewa. Hata kuomba hakuomba, yeye mzaliwa wa pale, na mtu akilalamikia masizi humkata kauli: "Ndiyo yanayokulisha!"

Akatia miguu kwenye buti za sufu, akavuka daraja.

Aliwakuta. Rodion kavua kofia, anachapa zulia jekundu, jasho linamtoka. Klavdia, yule anayegawa taa pale mgodini, anammiminia chai na kucheka.

"Hongereni, maharusi!"

Rodion akashusha fimbo. "Zina, sivyo unavyodhani."

"Sijadhani, nimeona! La kwangu linakula masizi, la huyu linaogeshwa!"

"Dada, nahamia kusini Jumamosi," Klavdia akasema. "Nilihitaji mikono tu."

"Mikono imejaa mji mzima! Kwa nini ya mume wangu?"

"Kwa sababu huwa ananieleza ya moyoni mwake. Anataka kuuhama mji huu. Anakohoa makohozi meusi. Kwani hujui?"

Zinaida alihisi kachapwa yeye. Wangekuwa wamekumbatiana, angejua pa kumkamata huyo mwanamke. Lakini hili?

"Rodya, kweli?"

"Kweli."

"Umwambie yeye, mimi unifiche?"

"Ningekwambia vipi? Kaka yangu alisema hewa yetu mbaya, ukamwondolea sahani ya pai hajamaliza! Nikifungua mdomo tu, 'Baba yangu alijenga mji huu!'"

Zinaida akainyakua fimbo. Rodion akarudi nyuma. Kumbe alilijia zulia. Akalichapa kwa wivu wake wote, kisha akainua ncha. Theluji ya chini ilikuwa nyeusi tii.

"Masizi haya yote yalikuwa ndani ya zulia?" aliuliza polepole.

"Na dirisha langu sifungui kamwe, dada," Klavdia akajibu.

Zinaida akaitazama theluji ile, kisha kifua cha Rodion. Halafu akamtupia Klavdia fimbo.

"Limetakata, bibie. Kunja, safari njema. Na namba ya mume wangu ifute hapa hapa, nikiona."

Klavdia akafuta.

"Sasa wewe," akamgeukia Rodion. "Sijasema nahama. Baba yangu kazikwa hapa. Tutagombana, tena sana, lakini tutagombana sisi wawili. Na kuanzia leo, ukitaka kukohoa, nikoholee mimi."