Chupa ya Dawa ya Bisera

Septemba hiyo, kama kila Septemba, ua wa bibi Ratka ulinukia pilipili hoho za kuchoma. Yeye na mkwe wake, Rodna, walizimenya tangu asubuhi. Mjukuu wake Bisera, wa miaka mitatu, alichezea maganda miguuni pao. Alizaliwa hasikii. Siku nne nyuma, madaktari wa Skopje, mji mkuu, walimpasua nyuma ya sikio wakamwekea kifaa. Kidonda kikipona vizuri, baada ya mwezi kifaa kingewashwa, naye angesikia.

Rodna alipoingia ndani kufuata mitungi, bibi alichukua jani la kabichi, akalilowesha kwa rakija, pombe yake kali ya zabibu. Ndiyo iliyotibu homa na magoti ya wanawe wote. Kabla hajaligusisha kwenye kidonda, geti likalia. Alikuwa Zorka, nesi anayepita majumbani kuangalia wagonjwa.

"Bibi, hiyo saladi au tiba?"

"Tiba, mwanangu. Hata wewe umekuzwa nayo."

"Nimekuzwa nayo, sikatai. Ila mimi sikuwa na kifaa kichwani."

Zorka akaomba kuiona dawa ya maji aliyopewa Bisera hospitalini. Hapo bibi akakiri kwamba asubuhi hiyo hakumpa mtoto. Hana homa, anakula, anacheza. Nusu chupa iliyobaki alitaka kuiweka kwa kikohozi cha majira ya baridi.

Zorka hakumcheka. Alieleza kuwa hiyo ni antibiotiki, kazi yake kuua vijidudu. Kidonda huweza kupendeza juu, kumbe chini vimo bado. Ukiikatiza dawa, vinapata nafasi ya kuzaana.

"Vikishakifikia kifaa, bibi, kuviondoa ni shida. Huenda madaktari wakalazimika kukitoa chenyewe."

Bibi akalitazama lile jani, akawatupia kuku.

"Wasilewe tu," Zorka akasema.

Mtoto akapewa dawa yake papo hapo. Tangu hapo bibi alimpa asubuhi na jioni, mpaka zikatimia siku saba alizoandika daktari. Bandeji ilikaa kavu. Kila siku Rodna alichungulia kama pana wekundu, uvimbe au usaha, au kama mtoto ana joto. Kimoja tu kikitokea, Zorka aliwaambia, siku hiyo hiyo hospitali. Hakikutokea.

Mwezi ulipotimia, fundi wa hospitali aliwasha kifaa, akamwambia bibi aseme neno. Bibi Ratka, ambaye kijiji kizima hakijawahi kumnyamazisha, akaona neno halitoshi. Akatoa mfukoni ile chupa ya dawa, sasa tupu, akaigonga kwa kijiko.

Bisera akageuka.

Akamnyang'anya bibi kijiko, akagonga mwenyewe, akacheka, akagonga tena njia nzima mpaka nyumbani. Sasa kila Rodna akiificha ile chupa apate utulivu, bibi humrudishia mtoto.