Swali la Kumi na Nne

Jumatatu ile ukumbi wa madai wa kampuni ya bima ulifurika kana kwamba mji mzima uligongana Jumapili. Watu walikaa bega kwa bega wakishika vikaratasi vya namba. Feni zilikuwa nne, na moja tu ndiyo iliyokuwa na moyo wa kuzunguka. Katikati ya umati huo aliketi Fundi, ndani ya gauni la rangi ya zabibu alilolishona mwenyewe, lenye vifungo ishirini vya mgongoni. Dada yake ndiye aliyemfunga vifungo hivyo asubuhi, akinung'unikia kimoja kimoja, maana mkono wa kulia wa Fundi ulikuwa ndani ya plasta, umening'inizwa shingoni kwa kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi.

Mapajani alikuwa na fomu ya kurasa sita. Mkono wa kushoto ulikuwa ukihangaika nayo.

"Samahani," ilisema sauti juu ya kichwa chake, "hiyo ni herufi au ni ramani?"

Aliinua macho. Mwanamume mrefu, kikombe cha chai mkononi, shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama kama kisu.

"Ni jina langu," Fundi alimjibu. "Na ungekuwa na adabu ungeniazima mkono badala ya kunicheka."

"Mkono ninao. Sogea basi nikae."

Akakaa, akauliza, akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita kiasi, na kila saba aliikata kiunoni kwa kamstari. Fundi alimsimulia yote: alikuwa amesimama kwenye taa nyekundu, gauni la harusi limelala kiti cha nyuma kama mgonjwa. Akasikia breki, kisha akasikia mfupa wake.

"Aliyenigonga alishuka akasema kosa ni lake. Trafiki akaandika vivyo hivyo. Kampuni hii ndiyo iliyolikatia bima gari lake, kwa hiyo ndiyo itakayonilipia matibabu. Daktari anataka kunipasua kifundo cha mkono aniwekee chuma. Miezi miwili ikipita kabla hajanipasua, mfupa utaunga upande. Nitaweza kushika kijiko, lakini mkasi nisahau."

"Na kazi yako ni...?"

"Mkasi."

Kalamu ilisimama kidogo. "Usiogope. Dai hili limenyooka kama rula. Haya, swali la kumi na nne: una uhusiano wowote na mtu aliyepo au aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kampuni hii?" Alimtazama kwa pembe ya jicho. "Niandike 'bado'?"

"Bado ya nani? Andika hapana, na herufi kubwa."

Akaandika *Hapana*. Namba ya Fundi ilipoitwa, mwanamume yule alisimama akaenda zake kupitia mlango ulioandikwa *Wafanyakazi tu*, na ndipo Fundi alipotambua kwamba aliyemwandikia alikuwa mkaguzi wa kampuni ile ile.

Siku mbili baadaye faili lake lilitua kwenye meza ya mkaguzi huyo. Lingetua kwa mwingine yeyote, hadithi hii ingekuwa fupi. Na hata yeye alipaswa kulirudisha palepale, aseme: huyu nimemwandikia fomu, mpeni mwenzangu. Hakusema, kwa sababu ndani ya faili kulikuwa na namba ya simu.

"Haloo, Fundi? Ni ile mikono miwili ya Jumatatu."

"Ah! Bwana Mkaguzi. Umekosea saba gani sasa?"

"Hakuna. Nakuja kulikagua gari lako kesho. Liambie lijipambe."

Alilikagua kwa haki, bampa lililopondeka na taa zilizopasuka, akapiga picha, akaandika ripoti kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akaomba maji ya kunywa, akayanywa kwa saa mbili. Wiki hiyo alirudi kumfungulia makopo na kumkatia nyuzi. Wiki iliyofuata alimkatia na kitambaa, Fundi akimwelekeza kwa fimbo ya kupimia kama mwalimu mkali.

"Kushoto! Mpenzi, kushoto! Huyo bibi harusi ana kiuno, si pipa."

"Nikate wapi basi, mama watoto?"

"Watoto gani? Kata kwenye chaki, acha maneno."

Dada yake, aliyekuwa akipika chumba cha pili, alikohoa kwa makusudi. Lakini hata yeye alianza kumwita shemeji, na kumwekea sahani.

Barua ilifika Ijumaa. Fundi aliifungua kwa meno. *Dai lako limesimamishwa. Fomu ya mlalamikaji na ripoti ya ukaguzi zimeandikwa na mtu mmoja. Kuna shaka ya njama.* Namba ya gari lake ilikuwa na saba mbili, na saba zote, kwenye karatasi zote, zilikuwa zimekatwa kiunoni kwa kamstari kalekale.

Alimpigia. Simu haikupatikana. Akampigia tena, na kesho yake, na keshokutwa. Siku kumi na moja. Mama wa bibi harusi alikuja akachukua kitambaa kikiwa kimekatwa nusu, akakipeleka kwa fundi mwingine, bila hata kugombana, na huko kutogombana ndiko kulikomuuma zaidi.

"Nilijua," dada yake alisema. "Mwanamume mwenye shati kama lile, kuna mtu anayempigia pasi."

"Anapiga mwenyewe, dada."

"Amekwambia yeye?"

Fundi alikuwa akitazama vidole vyake vilivyochungulia kwenye plasta. Vilikuwa vimevimba, na cha mwisho hakikujikunja tena.

Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, mkaguzi alisimama mlangoni. Ndevu hazijanyolewa, shati limekunjamana. Dada mtu alimtazama juu hadi chini, akachukua kapu, akaondoka bila salamu.

"Umepotea njia?" Fundi aliuliza. "Ofisi iko kule."

"Kazini walinichukulia simu. Wakaniambia nikizungumza nawe hata neno moja, faili linafungwa siku hiyo hiyo. Nilipita hapa nje kila jioni, Fundi. Taa yako nikiiona naondoka."

"Mimi nikilia humu ndani."

"Nikikusikia."

Fundi alimpiga kifuani kwa mkono wa kushoto, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mkono ulibaki palepale, na paji la uso likaufuata. Walisimama hivyo mpaka cherehani ya jirani ikanyamaza, ikaanza tena.

"Nimeacha kazi," alisema kwenye nywele zake. "Nimewaandikia kwamba kosa lilikuwa langu, wewe hukujua kitu. Sasa nimekuja kukuoa. Sina la kukupa, lakini nikubalie."

Fundi alijitoa taratibu, kama anayetoa pini kwenye kitambaa chepesi.

"Nikikukubali, dai langu linakuwaje?"

Angeweza kumdanganya. Alifungua mdomo kwa nia hiyo, Fundi akaiona.

"Watakupa mkaguzi mpya na fomu mpya," alisema hatimaye. "Ukilipwa, utapasuliwa. Lakini swali la kumi na nne liko palepale. Linauliza aliyepo, na aliyewahi kuwapo."

"Na nikiandika ndiyo?"

"Watasema njama imethibitika."

"Basi nidanganye?"

"Fundi, watu huandika hapana kila siku."

"Mimi nilisimama kwenye taa nyekundu kwa sababu ilikuwa nyekundu. Sikumdanganya mtu, nikagongwa, na bado nimeitwa mwizi. Sasa nianze kuwa mwizi kweli?" Aliinua plasta. "Kati ya ile miezi miwili ya daktari zimebaki siku kumi na tisa. Huu mkono ndio unaotulisha, mimi na dada."

"Basi andika hapana, nami nitakaa mbali. Miezi, hata miaka. Faili likifungwa nitarudi. Nitakusubiri."

"Usinisubiri."

"Mpenzi..."

"Nikijua unanisubiri, nitakuwa nimeandika uongo."

Mkaguzi aligeuka. Juu ya meza lilibaki daftari alilokuwa akimwandikia vipimo vya wateja. Akalichukua, akalirudisha. Akatoka. Fundi alimhesabia hatua mpaka zikachanganyika na za watu wengine.

Wiki nzima alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, nyuma ya karatasi za vipimo, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Alhamisi dada yake alimfunga vifungo ishirini bila kunung'unika hata kimoja.

Ukumbi ulifurika vilevile. Feni zote nne zilizunguka sasa. Mzee aliyekaa pembeni yake alimwonea huruma.

"Nikusaidie kuandika, mwanangu?"

"Asante, baba. Naandika mwenyewe."

Ilimchukua asubuhi nzima. Dirishani, mwanamke wa mapokezi alifunua kurasa moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole.

"Majibu ni mwisho wa mwezi, tukijaliwa."

"Mwisho wa mwezi ndio mwisho wa mkono wangu pia."

Mwanamke hakuelewa, wala hakuuliza. Kidole chake kilisimama kwenye ukurasa wa tano.

"Hapa kwenye la kumi na nne pamelowa."

"Panasomeka?"

Mwanamke aliinua karatasi kwenye mwanga, akaitazama ile *Hapana* ya herufi kubwa, iliyopinda.

"Panasomeka," alisema, akagonga mhuri.