Mianzi ya Mwezi Mpevu

Kwanza yalikuwa maji. Mianzi ilikwisha katwa, ikasimamishwa nguzo za muda mia na themanini kubeba sakafu ya juu ya soko letu jipya, lakini ukiweka sikio ulisikia maji yakipanda ndani yake.

"Baba, uliikata lini?" Nohemy aliuliza kwa sauti ya chini. Yeye ndiye injinia aliyezichora nguzo zile, na Evelio, baba yake, ndiye fundi aliyezisimamisha.

"Juzi."

"Mwezi mpevu? Na Mama wa Msitu hukumwomba?"

"Chuo kikuu chote kile, halafu unaniletea habari za mapepo! Zege linamwagwa leo. Ningengoja mwezi ufe?"

Ubishi wa mzee yule, jamani! Hapa Quindío hata mtoto anajua mwanzi hukatwa mwezi ukififia, tena kwa ruhusa ya huyo Mama mwenye msitu.

Zege likaanza kumwagwa. Evelio akachukua nyundo, akaingia chini kukaza kabari za nguzo. Ukuta hadi ukuta ni hatua ishirini. Alihesabu ishirini, akahesabu mia mbili, na mbele bado ni mianzi, na harufu ya majani yaliyooza ikamjaa puani, na juu ya kichwa alimsikia kibarua Arcesio akiwatania wenzake kwa arepa zao, mikate ya mahindi, zilizoungua, akamwita mpaka sauti ikamkauka, asiitikiwe na mtu ila maji. Kisha akaona kabari moja imelegea. Akasema moyoni, nikaze hii tu, nitoke.

Nohemy aliinama akachungulia. Aliona mwanga wa upande wa pili, mtu hakumwona. Nyundo aliisikia: ko, ko, ko.

"Baba, toka! Nakuomba!"

"Bado kabari moja tu, mwanangu."

Zege lilitaka siku ishirini na nane kukomaa. Nguzo zikiondolewa mapema, sakafu ingemwangukia baba yake. Nohemy akangoja, hali wala halali, anaisikiliza nyundo. Mganga, Doña Rosmira, alipulizia nguzo zote moshi wa tumbaku, akatoka upesi.

"Yuko msituni, kwa Mama mwenyewe," alinong'ona. "Mimi siwezi."

Siku ya ishirini na nane vibarua waliziondoa nguzo moja moja, mpaka ya mwisho. Chini palikuwa na kofia yake tu. Nohemy akaikumbatia, akalia kama mtoto.

Nje, Arcesio alikwisha pakia mianzi yote kwenye lori, inakwenda kubeba sakafu ya mji mwingine. Lori lilipoanza kuteremka mlima, ndani ya shehena ikasikika: ko, ko, ko.

Nohemy akalikimbilia, kofia mkononi, akimwita baba yake.

"Bado kabari moja tu, mwanangu," sauti ilimjibu, imechoka. "Natoka."