Magoti ya Shangazi Bernadetha

Kila asubuhi, kabla ya kukimbilia shule, nilichota maji, nikafagia uwanja, kisha nikamwekea Shangazi Bernadetha kiti mlangoni. Mwaka huo wa 1979 askari wetu walikuwa vitani Uganda, na shangazi naye alikuwa na vita vyake na goti. Alianguka katika shamba la kijiji hapa Nyabusozi, pia ya goti ikavunjika, akapasuliwa hospitali ya misheni.

"Mama, miezi mitatu usipige magoti," Daktari Bulugu alimwambia. Kisha akanigeukia. "Deodata, wewe ndiye mlinzi wake."

Mlinzi gani! Zamani nyumba zetu zilikuwa zimetawanyika. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa zilipangwa mstari mmoja, na kila mzee aliyepita aliingia kumpa pole. Na kwetu mwanamke mwenye adabu huwasalimia wazee akiwa amepiga magoti. Basi shangazi akawa anapiga magoti kuwapokea watu waliokuja kumpa pole ya goti!

"Shangazi, daktari amekataza!"

"Nyamaza wewe! Nimsalimie baba mkwe nimekaa kama mwenyekiti wa kijiji? Chukua ndizi mbivu hizi, ukale nyuma ya nyumba."

Nikala. Zilikuwa tamu kwelikweli.

Mwezi wa pili goti lilivimba, likakataa kukunjika. Tukarudi hospitali. Daktari alilikunja polepole, akasikia pia ya goti inavyokwaruza ndani.

"Amepiga magoti?" aliniuliza.

"Hapana, daktari."

Shangazi akatazama dari.

"Basi sielewi. Jumatatu tutalipasua tena tuone kuna nini."

Shangazi akajifunika uso kwa khanga kwa aibu. Nikapiga kelele: "Usimpasue! Anapiga magoti kila siku! Mimi nimehongwa ndizi!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe! Goti hili halihitaji kisu. Linahitaji kupumzika, na kunyooshwa asubuhi na jioni."

Jioni hiyo baba mkwe wake, Mzee Leonidasi, alifika. Shangazi alibaki kitini, jasho linamtoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akavuta kigoda, akakaa. "Afadhali! Siku zote nilikuwa naondoka mbio ili usiendelee kuumia hapo chini. Leo nitakaa mpaka ninywe uji."

Shangazi alicheka huku anafuta machozi. Alizingatia mazoezi, na baada ya wiki sita aliinuka bila fimbo, na mzee alipokuja tena tukamsindikiza hadi kwake.

Mlangoni mzee akanishika bega. "Deodata, ulidhani kumfichia mkubwa kosa lake ni heshima. Shangazi yako angepasuliwa bure. Siku nyingine, sema kweli mapema, hata kama mkubwa atanuna."

"Nitanuna kweli," alisema shangazi, "lakini nitakuwa nanuna nikiwa nimesimama."