Mbili Iliyoshushwa

Kila Jumamosi, akishamaliza kumenya ebitoke, ndizi za kupika za mchana, na kuzitia chunguni, Kokushubira alimfuata shangazi yake Adelgunda ofisini kwa padri, kijijini Omurushaka. Adelgunda alikuwa mpiga chapa wa parokia. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa hiyo moja tu, hata shule ya jirani ilimletea mitihani yake. Aliandika kwenye kompyuta, printa ikatoboa herufi kwenye stensili, karatasi ya nta, kisha karatasi zikarudufiwa. Kompyuta ile haikuweza kupandisha tarakimu ndogo ya kipeo juu ya namba. Adelgunda aliacha pengo, halafu akaichora kwa mkono kwenye stensili kwa kalamu ya chuma.

Jumamosi hiyo mtihani wa hesabu wa darasa la saba ulikuwa umebakiza swali la mwisho, padri akamwita shangazi.

"Malizia, mwanangu. Kwenye vipeo acha nafasi."

"Ndiyo, shangazi."

Mara mlinzi akapaza sauti nje: mafuta ya jenereta yanakwisha! Kokushubira akatazama karatasi ya mwalimu. Tatu kipeo cha pili, kujumlisha nne kipeo cha pili. Uache pengo, utafute kalamu, uchore? Mbili ni mbili tu, akajisemea. Akabonyeza 32 + 42, akachapisha.

"Vipeo je?" shangazi aliuliza aliporudi.

"Nimeshavichora."

Uongo ulimtoka kama pumzi, wala hakuusikia ukitoka.

Alhamisi Mwalimu Telesfori alirudisha mitihani. Kokushubira, aliyekuwa darasa la sita, alisikia yote, maana ukuta kati ya madarasa haukufika paani. Telesfori alisahihisha kwa kutazama majibu aliyojiandikia. Swali lililochapwa hakuhangaika nalo.

"Jibu ni ishirini na tano! Nani kawafundisha sabini na nne? Laleni chini, wote!"

Fimbo zikapita mgongo kwa mgongo. Kisha ikasikika sauti ya Speciose, yule jirani aliyemfundisha Kokushubira kugawanya kwa buni za kahawa.

"Samahani, mwalimu. Thelathini na mbili kujumlisha arobaini na mbili ni sabini na nne."

"Unanifundisha kazi? Mtoto wa kibarua! Mlivuka mpaka mkaja hapa na mikeka kichwani, leo mnatufundisha hesabu?"

Darasa likacheka. Hata waliokuwa bado wanajisugua migongo walicheka. Safari hii fimbo zilitua viganjani mwa Speciose.

"Nenda kwenu! Bila baba yako, usikanyage hapa. Na mtihani wa taifa utausikia redioni."

Mtihani wa taifa ulikuwa wiki iliyofuata. Jioni, njiani, Speciose alimfunulia Kokushubira karatasi yake. Viganja vilivimba, vidole havikunjiki.

"Koku, hebu soma wewe. Kweli mimi ni mjinga?"

Kokushubira aliisoma ile 32 yake.

"Labda mwalimu alichoka," akasema, akaongeza mwendo.

Kesho yake Sebahire, baba yake Speciose, alifika wakati wanafunzi wamepanga mistari. Alikuwa mzee wa mvi, miguu peku. Matofali ya shule hiyo aliyafyatua kwa mikono yake. Telesfori, ambaye angeweza kuwa mwanawe, hakumpa hata shikamoo.

"Piga magoti, mzee. Omba msamaha kwa ajili ya mtoto uliyeshindwa kumlea."

Sebahire akavua kofia. Akamtazama binti yake, akainama, goti likagusa vumbi. Kuna aliyecheka tena. Kokushubira akajikuta ametoka mstarini.

"Mwalimu, mwenye kosa ni mimi! Mbili zilikuwa juu, ni vipeo. Mimi nikazishusha."

Telesfori akampokonya Speciose karatasi, akalisoma swali kwa mara ya kwanza. Shingo ikamtutumka. Akainua fimbo juu ya Kokushubira, lakini Sebahire alikwisha kusimama, akaidaka.

"Zilizopigwa zinatosha, mwalimu."

Telesfori akaiachia fimbo. "Haya. Wote watapewa alama. Wewe binti, rudi darasani." Neno la samahani halikumtoka. Alama zilirudi, Speciose akarudi, fimbo walizopigwa hazikurudi.

Sebahire akajipangusa vumbi gotini, akamwinamia Kokushubira.

"Umesema kweli, mwanangu, na ulihitaji moyo kuisema. Lakini jana binti yangu alikuonyesha karatasi, ukaijua ukaikalia, na kwa siku hiyo moja mimi nimepigishwa magoti mbele ya mwanangu. Kosa likikutoka mkononi, likimbilie wewe mwenyewe lingali dogo. Ukilificha halifi. Litamwendea asiye na mtetezi."

Kisha akamgeukia Telesfori, akamrudishia fimbo yake.

"Na anayeshika hii, asome swali kwanza."

Akavaa kofia yake, akarudi shambani.