Wakili Aliyejitoa

Watu hulaani foleni, lakini wakili wetu mpaka leo anaishukuru ile ya ofisi ya kusajili alama za biashara. Alikuwa ndani ya suti yake ya buluu, na viatu vipya vinambana, pale kijana mwenye shati la manjano, kompyuta kaikumbatia kifuani, alipomkanyaga.

"Samahani, dada! Nimekuumiza?"

"Viatu vimekutangulia. Unasajili nini?"

Kijana alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kuwasomea vipofu maandishi. Kampuni kubwa ilikuwa imeinakili bila haya wala soni. Kazi ya wakili ilikuwa hiyohiyo, hakimiliki na teknolojia, na kesi ya namna hiyo alikuwa akiiota tangu chuoni. Akaichukua.

Simu zikaanza.

"Wakili wangu, umekula?"

"Nataka ushahidi, sitaki maneno matamu."

"Nakuletea vyote."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini miiko ya kazi yake ilimkataza kumtetea mtu anayempenda. Basi akaikabidhi kesi ya ndoto zake kwa bosi wake, mama mmoja mkali waliyemwita Mama Vifungu. Kisha, akikimbilia kikao kingine, akamwandikia kijana harakaharaka: "Nimejitoa. Kuanzia leo utakuwa na bosi wangu."

Kwa mawakili, kujitoa ni kuacha kesi. Kijana hakuwa wakili. Alipopigiwa simu hakupokea, siku hiyo wala zilizofuata, na kila ujumbe aliufuta bila kuusoma. Wakili alilia, tena si kidogo: kesi kaiacha kwa ajili ya mtu, na mtu mwenyewe hayupo.

Siku ya hukumu alikaa kiti cha nyuma kabisa mahakamani. Kijana akashinda. Nje, ukumbini, Mama Vifungu akamkamata mkono.

"Mshukuru yule pale. Kazi kubwa kaifanya yeye."

"Aliyeniacha?"

"Nani kakuacha? Wakili hujitoa kwenye kesi akiwa na maslahi yake humo. Maslahi yenyewe ni wewe, baba!"

Kijana alimsogelea wakili polepole.

"Kumbe ulijitoa kwenye kesi?"

"Ulidhani kwenye nini?"

"Kwangu."

"Mungu wangu! Na simu zangu zote zile?"

"Niliogopa kulisikia neno hilo kwa sauti yako. Nisamehe, mpenzi. Kesi uliyoiota maisha yako yote umeiacha kwa ajili yangu, na mimi nikakununia."

"Kesi zitakuja nyingine."

"Asante. Sijui nikushukuru vipi."

"Sasa wewe si mteja wa ofisi yetu tena, sivyo?"

"Si mteja."

"Basi nioe, kabla hawajakunakili tena."

Kijana akacheka huku machozi yanamtoka, akasema ndiyo mbele ya makarani wote. Wakili akamshika mikono yote miwili, akamshukuru Mungu kwa sauti, wala hakujali nani anasikia.